Mkata Maji Anatafuta Kazi ya Bure

Koleo alipostaafu, mtaa mzima ulishusha pumzi. Miaka nenda rudi alikuwa fundi wa ofisi ya maji, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kukata. Anaingia uani kwa mtu, anapiga magoti kwenye mita, anakaza mkono kidogo, anaondoka na mfereji umekauka. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani aliitwa Koleo, na watoto wabishi wa kuoga walitishiwa kwa jina hilo hilo. Siku alipokabidhi sare na kurudi nyumbani na saa ya ukutani aliyozawadiwa, majirani walimpa pole na hongera kwa pamoja, kisha wakaenda kulala fofofo.

Raha yao haikudumu. Haukupita muda akaanza tena kubisha hodi kwenye milango ya watu, safari hii mkono mtupu, anauliza kama kuna kazi yoyote ya kujitolea.

"Ya kujitolea?" aliuliza mwenyekiti wa mtaa, bwana mnene aliyekuwa na duka la misumari na saruji. "Yaani bila malipo?"

"Bila malipo."

"Sasa wewe unapata nini?"

Swali hilo Koleo alilikuta kila alikogonga. Alijitolea kuzibua mtaro, watu wakatoka kusimama juu yake kuangalia anafukua nini. Aliomba kuingia kamati ya ulinzi, akaambiwa nafasi zimejaa, na jioni ile ile mtu mwingine akapewa nafasi. Kwenye shule ya chekechea alikwenda kutengeneza dirisha, na mwalimu alimfuata nyuma hatua kwa hatua, hata alipoomba kwenda msalani. Alirudi nyumbani akasema mwalimu ana adabu sana, hakutaka mgeni apotee. Mkewe alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

Mkewe walimwita Fundi, kwa sababu alikuwa na cherehani kibarazani na hapakuwa na sare ya shule wala gauni la harusi mtaani ambalo halikupitia mikononi mwake. Habari zote za mtaa zilimkuta pale, pini mdomoni, tepu shingoni. Na wakati huu habari zote zilikuwa za mumewe.

"Fundi, nikuulize jambo na usinichukie," alisema Mama Pacha, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuja kupimwa blauzi.

"Uliza."

"Mumeo anatafuta nini kwenye nyumba za watu?"

"Si nimekwambia. Anatafuta kazi ya kujitolea. Amechoka kukaa."

"Mwanamume mzima amechoka kukaa? Wangu mimi nimeshindwa kumwinua." Mama Pacha aliinua mikono apimwe kifua, akashusha sauti. "Jana kasimama uani kwangu anaangalia ukuta. Namuuliza unaangalia nini, ananiambia ukuta una ufa, ataleta udongo auzibe. Na chini ya ukuta ule unajua kuna nini."

Fundi alijua. Chini ya ukuta ule lilipita bomba ambalo ofisi ya maji haikuwa na habari nalo. Liliungwa kwenye bomba kubwa la kona, likagawanyika huku na huku mpaka karibu kila ua. Nyumba ya Koleo peke yake ndiyo iliyokuwa na mita halali. Isingekuwa hivyo ingekuwa kichekesho.

"Kama kuna jambo tuambie mapema," Mama Pacha alisema. "Wewe si ndiye macho yetu?"

Fundi alimkazia jicho anyamaze. Koleo alikuwa chumbani anavaa viatu.

---

Hilo la macho lilikuwa siri ya mtaa, na kama siri zote za mtaa, aliyekuwa haijui ni mmoja tu.

Lilianza pacha walipokuwa wachanga. Koleo na vijana wake walikata laini ile, na Fundi akakaa kibarazani akisikiliza watoto wawili wakilia upande wa pili wa ukuta, mama yao amekwenda kupanga foleni ya ndoo. Aliona aibu mpaka sindano ikamchoma kidole. Wiki ile hakuna mteja aliyemletea hata suruali ya kupunguza. Bomba liliporudishwa, aliwaita wanawake wawili watatu akawaambia: mkiona kitambaa chekundu kwenye kamba yangu ya nguo, kesho yake fungeni kila kitu, fukieni, wekeni jiwe la kufulia juu.

Kujua siku haikumpa taabu. Koleo hakuwahi kumwambia amepangiwa wapi, kwa kuwa kanuni ilikataza na yeye alikuwa mtu wa kanuni. Ila kila alipopangiwa mtaa wake mwenyewe, alirudi jioni akawa anasogeza sahani, anasema tumbo halitaki. Aliona haya kwenda kuwakatia majirani zake. Mtu asiyekula nyumbani kwake humficha nini mkewe? Fundi alitoa vyombo, akaenda nje kama anayeanua nguo, akatundika.

Kama ilikuwa huruma au biashara, yeye mwenyewe hakujua, na kusema kweli hakujiuliza sana. Wateja walirudi, pacha wakakua, na Koleo na vijana wake wakafukua mtaa ule mara kwa mara wakikuta udongo mkavu.

---

Mwisho Koleo alipata kazi yake, na aliipata mbali na mtaa. Hospitali ya serikali ilikuwa na wodi ya wazee wanaume, na wengi wao hawakuwa na mtu wa kuja kuwaona. Metroni alihitaji watu wa kukaa nao, kuwalisha, kuwageuza. Alimwangalia Koleo mikono, akamuuliza kama anaweza kunyoa ndevu. Koleo akasema hajawahi kumnyoa mtu ila yeye mwenyewe. Metroni akamwambia basi aanze kwa majaribio, na asiharakishe.

Jioni ya kwanza alirudi na njaa ya mtu aliyelima.

"Leo nimemnyoa mzee mmoja mashavu yameingia ndani," alisema, mdomo umejaa. "Inabidi asukume shavu kwa ulimi ndipo wembe upite. Nilipomaliza akanishika mkono, akaniuliza mimi ni mtoto wake wa ngapi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia wa mwisho. Akasema ndiyo maana nimechelewa kuja."

Alicheka mpaka akapaliwa. Fundi alimpa maji, akamwangalia. Katika maisha yao yote hakuwahi kumwona akirudi kazini akicheka, na badala ya kufurahi alijikuta anashuku. Mtu hafurahi hivi bure. Alinusa shati alipolichukua kufua: sabuni ya ndevu. Alitafuta mifukoni: wembe uliofungwa kwenye karatasi. Hakuridhika. Siku moja aliacha cherehani, akaenda mpaka hospitali, akasimama nyuma ya dirisha la wodi kama mwizi. Mumewe alikuwa ameinama na beseni, anamfuta mtu povu sikioni, taratibu kama anayefuta kikombe cha mgeni. Fundi alirudi nyumbani kwa haraka, na njia nzima aliona aibu iliyochanganyika na fahari. Hakumwambia mtu.

---

Asubuhi ya siku nyingine, watu hawajamaliza kufagia nyua, magari mawili ya ofisi ya maji yaliingia mtaani. Yalishusha vijana ambao hakuna aliyewajua. Hawakuuliza wala kuzunguka. Walikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa Mama Pacha, wakafukua, wakakata, wakakunja bomba lote lile wakalipakia kama nyoka aliyeuawa. Walipoondoka, mtaa mzima ulikuwa na mashimo na hakuna tone.

Mteja wa kwanza alifika kabla ya saa nne.

"Fundi, naomba kitambaa changu."

"Sijakikata bado, dada."

"Afadhali. Nipe hivyo hivyo."

Wa pili alitaka gauni lililokuwa na mkono mmoja. Alilipokea na mkono wa pili ukiwa umefungwa kwa pini, akaondoka nalo. Mama Pacha alikuja wa mwisho, na hakuomba kitu.

"Kitambaa chekundu hakikutundikwa," alisema.

"Ningejuaje siku? Amestaafu, Mama Pacha. Siku hizi anakula kila jioni."

"Amestaafu, lakini ukuta wangu wameujua. Mwezi mzima anatuzungukia majumbani, sijui kujitolea, sijui ufa. Alikuwa anachora ramani, Fundi. Na wewe ama ulijua, ama amekufanya mjinga."

Fundi alitaka kumtetea mumewe. Alisita, kwa sababu alikumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyosimama nyuma ya dirisha la wodi. Mama Pacha aliona kusita kule, na kusita kule kukamtosha.

---

Siku hiyo Koleo alirudi mapema kuliko kawaida. Alikaa kitini bila kuvua viatu.

"Metroni amenisimamisha," alisema.

"Umekosa nini?"

"Sijakosa. Wagonjwa wanaweka vitu vyao chini ya mito, kwa hiyo kila anayejitolea lazima asemewe na mwajiri wake wa zamani. Amempigia simu meneja wetu. Meneja amemwambia hawezi kunisemea mema."

"Kwa nini?"

Koleo aliangalia mikono yake. "Kuna jambo sikukwambia. Nilikuwa napangiwa mtaa huu, nakuja na vijana, tunakuta pakavu. Mitaa mingine nakata, hapa napiga patupu. Mwaka baada ya mwaka. Na mita kubwa ya kona inaonyesha maji yanakwenda. Wakaniita mbele ya meza, meneja na wenzake. Wakaniuliza majirani zangu wananilipa shilingi ngapi." Aligeuza viganja juu. "Niliapa kwa watoto wetu. Hawakunifukuza, hawakuwa na ushahidi. Ila tangu siku ile sikupanda cheo. Niliowafundisha kazi wakawa wakubwa wangu. Nilirudi hapa jioni ile, nikakwambia nimechoka tu."

Fundi aliikumbuka jioni ile. Alikuwa amepika, naye hakugusa chakula. Kwa hiyo alitoka nje akatundika kitambaa. Mtaa ulifunga mabomba siku nzima ukingoja, hakuna aliyekuja, na wanawake wakamtania kwamba macho yake yameanza kuona ukungu. Mumewe alikuwa ndani, amelala kifudifudi, ameitwa mla rushwa.

Alifungua mdomo aseme. Hodi ikabishwa.

Alikuwa mwenyekiti, na nyuma yake Mama Pacha. Walikaribishwa wakakaa, mwenyekiti akaifikicha kofia yake magotini.

"Mzee," alisema, "ulituomba kazi ya kujitolea. Tumekaa, tumekupatia."

Koleo aliinua uso. Fundi aliona tumaini likimwingia machoni, na lilimuumiza kuliko yote aliyoyasikia siku hiyo.

"Tutaunganisha upya," mwenyekiti aliendelea. "Wewe unawajua wale vijana, unajua magari yao na siku zao. Kaa hapo kona, ukiona dalili tujulishe. Kama ni wewe uliyetuuza, utakuwa umelipa. Kama si wewe, utakuwa umejisafisha. Vyovyote vile kazi ni moja. Na huna haja ya kusema neno, fanya tu kama alivyokuwa anafanya shemeji."

"Kama alivyokuwa anafanya nani?"

Mwenyekiti alimtazama Mama Pacha. Mama Pacha alitazama sakafu.

"Si kile kitambaa," mwenyekiti alisema, sauti imepungua. "Sisi wanaume miaka yote tulijua mmekubaliana. Tukasema mzee anakula kwao huku anatusitiri na sisi."

Wageni waliaga wenyewe, maana hapakuwa na mtu wa kuwasindikiza. Fundi alibaki amesimama karibu na mlango.

"Ni kweli?" Koleo aliuliza.

"Kweli."

"Sikuwahi kukwambia siku hata moja."

"Ulikuwa huli."

Alimwambia yote, tangu kilio cha pacha mpaka jioni ile aliyosema amechoka. Hakujipunguzia. Fundi alitamani mumewe afoke, apige meza, aite ndugu. Yeye aliinama tu, akavua viatu, akavipanga ukutani.

"Sitaki kugombana," alisema mwishowe. "Nina jambo moja. Kesho twende kwa meneja, umwambie hayo hayo uliyoniambia. Nipate kurudi kwa wazee wangu."

"Watanifungulia kesi."

"Huenda."

"Na mtaani watasema nimewauza mara mbili."

"Wameshasema nimewauza mimi," Koleo alisema. "Nikabaki hai."

---

Fundi alipiga moyo konde. Asubuhi alivaa gauni lake la kutokea, wakapita mtaani katikati ya mashimo, na kila mlango ulikuwa na mtu. Hakuna aliyewasalimu. Ofisini meneja alikubali kumwona mwanamke peke yake, Koleo akabaki nje kwenye benchi la wenye madeni ya maji, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama.

Meneja alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimpa Fundi moyo. Alieleza kila kitu bila kupumzika. Alipofika mwisho, meneja alivua miwani akaifuta.

"Mama, nani amekwambia uje kusema haya?"

"Hakuna. Ni mimi mwenyewe."

"Mumeo yuko nje. Nimemwona dirishani."

"Amenisindikiza."

"Mke kumtetea mumewe si jambo la ajabu. Ningekuwa na shida, hata mimi ningependa mke wangu anitetee hivyo." Alivaa miwani. "Una shahidi?"

"Mtaa mzima. Mwenyekiti. Mama Pacha."

"Yaani waliokuwa wanaiba maji ndio waje kunithibitishia kwamba hawakumlipa fundi wangu?"

Mezani palikuwa na glasi ya maji iliyofunikwa kwa kisahani, na Fundi aliikodolea macho kwa sababu hakuthubutu kumwangalia mwenye nayo.

"Haya, tuseme nimekuamini," meneja alisema, bado kwa upole. "Basi mumeo aliishi miaka yote hiyo na mtu asiyemjua, kitanda kimoja, meza moja, asione kitu. Na huyo ndiye nimwambie metroni amwachie wagonjwa wasiojiweza?" Alisimama kuonyesha mazungumzo yamekwisha. "Sitakushtaki, mama. Bomba tumeshalichukua. Nenda nyumbani."

Koleo aliinuka alipomwona anatoka.

"Amesemaje?"

"Hakuniamini."

Koleo aliitika kwa kichwa kama aliyekuwa ameshajiambia hivyo. Alikaa tena, akasogea kumpa nafasi. "Kutoaminiwa kunauma, eeh?"

"Kunauma."

"Hakusema kingine?"

"Hapana," Fundi alisema.

"Kweli?"

Lilikuwa neno dogo, na alilisema bila ukali. Lakini katika ndoa yao yote Koleo hakuwahi kumrudishia jibu lake amuulize mara ya pili. Fundi alijua kwamba kuanzia leo ataulizwa hivyo akisema anakwenda dukani, akisema kichwa kinamuuma, akisema anampenda. Na kwamba hana haki ya kukasirika.

Kwa hiyo akamwambia. Alirudia maneno ya meneja yote, ya kitanda kimoja na meza moja, ya mtu asiyemjua.

Mwanamke mmoja mwenye bili mkononi aliwaomba wasogee naye akae, wakasogea.

"Hapo," Koleo alisema, "meneja hajakosea."

Aliinuka akatangulia kutoka. Hakuchukua njia ya nyumbani. Alishika ya hospitali, akasema anakwenda kumwomba metroni kazi yoyote isiyokuwa na mito, hata kufagia nje ya wodi, mahali ambapo wazee watamwona dirishani. Fundi alimfuata nyuma, viatu vya kutokea vikimbana. Kila baada ya hatua chache mumewe aligeuka kumtazama, na Fundi hakuweza kujua kama anamngoja au anamchunga.